Mgeni wa Fundi Zipu

Mama mkwe wa Fundi Zipu alikuja kukaa wiki moja. Binti yake alikuwa ametoka kujifungua, na mama alikuja kumkanda, kumpikia uji na kumshika mtoto ili mzazi apate usingizi. Mtoto huyo sasa alikuwa darasa la pili, anajua kusoma na kujibu jeuri, na bibi yake bado hajaufungua mfuko mmoja wa nguo alizokuja nazo. Mfuko ulikuwa chini ya kitanda, umefungwa kwa kamba. Hakutaka, alisema, kuonekana kama mtu aliyehamia.

Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele kilichogeuzwa karakana, vyumba vya nyuma vya kuishi, na korido katikati. Katika chumba cha mbele kulikuwa na cherehani tatu na meza ndefu ya kukatia, na majora ya kitambaa yamesimamishwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa. Walishona makava ya magodoro. Kiwanda kikubwa kilichokuwa ng'ambo ya barabara kuu kilitengeneza sponji, kikaikata, kikaivisha kava, kikauza godoro. Makava yenyewe kilinunua kwa mafundi wadogo waliotawanyika mitaani, na Fundi Zipu alikuwa mmoja wao. Jina alipewa na zipu, ile inayozunguka pande tatu za kava na ambayo mafundi wengi huichukia. Yeye aliipenda. Mafundi wenzake mtaani walishona nguo za watu, wakagombana na watu kutwa nzima. Yeye alishona nguo za magodoro, na godoro halikuwahi kurudi kulalamika kwamba linabanwa kiunoni.

Walioshona walikuwa watatu: yeye, mkewe, na rafiki wa mkewe aliyeitwa Spidi. Jina hilo Spidi alipewa kwa ajili ya mdomo. Mikono yake ilikuwa ya kawaida.

Wa nne alikuwa mama mkwe, na yeye hakushona. Siku moja, zamani, akiwa amembeba mtoto mgongoni, aliona uzi unaning'inia kwenye kava akaukata. Akaona mwingine. Hakuna aliyempa kazi hiyo na hakuna aliyemzuia, na hivyo ndivyo alivyopata kazi. Alikaa koridoni, mahali ambapo mwanga wa mlango wa nyuma ulimfikia vizuri, akiwa na mkasi mdogo uliofungwa utepe mwekundu ili usichukuliwe na mtu. Kila kava lilipita kwake. Aliligeuza ndani nje, akapekua kona zote nne, akakata nyuzi zilizobaki, akaivuta zipu kwenda na kurudi, akaligeuza tena, akalikunja. Hakuwa na haraka. Kava lililomuudhi alilisemesha.

Mkwe na mama mkwe waliheshimiana mno, kiasi kwamba walikuwa hawazungumzi. Asubuhi fundi alisimama mbali kidogo na korido, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Hapo mazungumzo yao ya siku yalikwisha. Yaliyobaki yote yalipitia kwa mke.

"Mwambie mumeo zipu ya hili inagoma kwenye kona," mama alisema, hatua tatu kutoka mgongoni mwa huyo mume.

"Mwambie mama nimesikia," alisema fundi, bila kugeuka.

"Amesikia," alisema mke.

Mke akiwa ametoka kwenda sokoni, kazi ya kupeleka maneno ilimwangukia Spidi, ambaye aliyafikisha pamoja na mengine ya kwake. Kwa sababu hiyo fundi hakupenda mkewe aende sokoni.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka kiwanda kiliponunua mashine mpya ya kukata sponji. Mashine hiyo ilikuwa na kasi sana, na kwa hiyo muda mwingi ilikuwa imezimwa. Ilimaliza sponji za makava yote yaliyokuwepo kabla ya chai ya asubuhi, halafu ikakaa, ikitazamwa. Wakubwa wa kiwanda waliizunguka wakafikiri. Hawakusema kwamba mashine ni kubwa mno; haiwezekani mtu aseme hivyo juu ya kitu alichokinunua mwenyewe. Walisema makava ni machache. Wakamtafuta mtaalamu, wakamtuma mitaani akaone mafundi wadogo wanafanya nini huko na muda wote huo.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole, mwenye shahada, ambaye aliomba radhi kabla ya kukaa kwenye kiti na baada ya kukaa. Neno alilolitaja mara nyingi zaidi ni tija, na kufikia saa nne asubuhi Spidi alikuwa ameshambatiza Bwana Tija. Alikaa pembeni na simu yake, akapima muda, akaandika. Aliwatazama wote kwa zamu. Mama mkwe alimtazama vilevile, akimwona kijana mwembamba anayehitaji kula.

Mchana akamwita fundi mezani.

"Fundi, nitasema ukweli, usinielewe vibaya. Mnatoa makava arobaini kwa siku. Ni kazi nzuri. Lakini mko wanne. Arobaini gawa kwa nne ni kumi. Kila mtu makava kumi."

"Ni kweli," alisema fundi, maana hesabu haikuwa na tatizo.

"Kule kiwandani, mfanyakazi mmoja anatoa magodoro hamsini kwa siku."

"Yeye anayavisha tu, sisi tunayashonea nguo," Spidi alidakia. "Kushona kunachelewa. Muulize mtu yeyote aliyewahi kusubiri nguo ya sikukuu."

Bwana Tija akatabasamu, akaomba radhi. Akaeleza kwamba kiwanda kimeamua kupunguza idadi ya mafundi kinaofanya nao kazi. Watabaki wale wenye tija nzuri tu, na tija nzuri imewekewa kiwango: makava kumi na matatu kwa kila mtu. Mwisho wa mwezi atapita tena kuhesabu. Karakana itakayokuwa chini ya hapo haitaletewa kitambaa tena.

Fundi akayahesabu majora yaliyosimama ukutani. Kiwanda ndicho kilichokuwa mteja wake, na hakuwa na mwingine. Hakukumbuka tena kushona shati. Angeulizwa mkono wa shati unaingiaje, angejibu kwa zipu.

"Sasa, kuna jambo moja dogo," Bwana Tija aliendelea, akishusha sauti. "Hapa pana mtu mmoja ambaye hashoni."

Fundi akaangalia dari. Mkewe akaangalia mguu wa cherehani. Spidi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaona uzi wake unahitaji kutungwa upya. Koridoni mkasi ulisikika ukikata, ukatulia, ukakata tena.

"Nimewaza tu," alisema Bwana Tija. "Samahani." Akaaga.

Jioni, wakikunja kitambaa, huyu kashika ncha hii na yule ile, fundi akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba apumzike kidogo. Amefanya kazi sana, miguu yake inavimba..."

"Mama yangu ukimwambia apumzike anafunga mzigo. Na akifunga mzigo, ndugu zangu wote watakuja hapa kuuliza amekosa nini. Utawajibu?"

"Mimi ni mkwe. Nitamwambiaje mkwe wangu aache kazi?"

"Basi tulia nalo."

Wakafika katikati, wakakabidhiana ncha.

Hakutulia nalo. Kwanza alijaribu njia ya kushona haraka. Walishona haraka kwa siku kadhaa, na zipu zikatoka zimepinda kama njia ya mbuzi, mama mkwe akayarudisha makava mengi kupitia kwa mke, na fundi akafumua zaidi ya alivyoshona. Wakarudi kwenye mwendo wao wa kila siku. Arobaini ilikuwa arobaini. Palipobaki pa kushika ni pale chini ya mstari wa kugawanya, na pale chini alikuwa amekaa mama wa mkewe.

Katikati ya mwezi kiwanda kiliwaita mafundi wadogo wote kuja kujionea jinsi kazi inavyofanywa kwa tija. Fundi Zipu alipiga pasi shati lake, akaenda. Waliongozwa na Bwana Tija katika ukumbi mkubwa wenye kelele, ambamo kulikuwa na mashine mpya, imezimwa, na watu wachache waliovaa vizibao vya njano. Kweli watu hao walikuwa wepesi. Godoro lilipita mbele yao likiwa sponji, likatokea upande wa pili limevaa na kufungwa nailoni. Mafundi wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

Lakini fundi alikuwa na mazoea ya kuangalia pindo kabla ya kitambaa, na pembeni mwa ukumbi aliona watu wengine. Walivaa vizibao vya kijani. Walifagia vipande vya sponji, wakasukuma mikokoteni, wakabeba magodoro mabegani kwenda kwenye malori. Walikuwa wengi kuliko wa njano.

"Na hawa?" akauliza.

"Hao si wetu," alisema Bwana Tija.

"Ni wa nani?"

"Wanaofagia ni wa kampuni ya usafi. Wanaobeba ni wa kampuni ya upakiaji. Wa jikoni nao wana kampuni yao. Ni wakandarasi."

"Kwa hiyo ile hamsini kwa mtu mmoja..."

"Ni kwa mfanyakazi wa kiwanda. Hao hawaingii kwenye hesabu."

"Na sisi tunaoshona makava?"

Bwana Tija akafikiri kwa uaminifu. Alikuwa kijana mwaminifu. "Ninyi pia hamuingii," akasema. "Ninyi ni wa kwenu. Samahani."

Fundi Zipu alirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesumbuka na zipu kutwa nzima, halafu akaona kumbe kitambaa tu kilibanwa kwenye meno yake.

Bwana Tija alipopita tena kabla ya mwisho wa mwezi kuangalia maendeleo, fundi alimpokea mlangoni kwa uchangamfu uliomtia mkewe wasiwasi.

"Mnatoa ngapi sasa, fundi?"

"Arobaini."

"Na mko wangapi?"

"Watatu."

Bwana Tija akanyoosha shingo kuelekea koridoni. Mama mkwe alikuwa palepale, mkasi mkononi, rundo la makava limemfika kifuani.

"Na mama?"

"Yule ni mgeni," alisema fundi.

"Mgeni."

"Amekuja kututembelea."

"Amekuja lini?"

"Si siku nyingi."

Mtoto wa darasa la pili akaingia kutoka shule, akapita kati yao, akarusha begi koridoni akisema, "Bibi, mkasi wako nauhitaji, ule ulioninunulia nilipoanza darasa la kwanza umeshaharibika." Bwana Tija akamtazama mtoto. Akamtazama fundi. Halafu akainamia simu yake na kugawanya, na uso wake ukakunjuka, kwa sababu naye alikuwa hapendi kumfungia mtu kazi.

"Kumi na tatu na ushee," akasema. "Hongera, fundi. Tija imepanda kwa theluthi moja tangu nilipokuja mara ya kwanza. Sijaona karakana nyingine iliyopanda hivi. Naomba nikuulize, umefanya nini?"

"Tumejipanga upya," alisema fundi.

Koridoni, mkasi ulikuwa umenyamaza. Mama mkwe alikuwa na umri mkubwa lakini masikio yake yalikuwa bado ya kijana. Aliliweka chini kava alilokuwa nalo, nusu limegeuzwa, akaingia chumbani kwake.

Asubuhi iliyofuata hakuonekana. Fundi alisimama pale anaposimama siku zote, akaiamkia korido, na korido haikuitikia. Mkewe alikuwa anaenda chumbani kuangalia wakati mlango wa mbele ulipogongwa.

"Hodi hapa!"

Wakatazamana. Mke akafungua. Nje alisimama mama yake, amevaa nguo za kutokea, viatu vimepakwa rangi, mkoba kwapani. Alikuwa amepita mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba nzima. Ule mfuko uliokaa chini ya kitanda tangu mtoto azaliwe hatimaye ulikuwa umefunguliwa.

"Hodi," alirudia.

"Karibu, mama," alisema mke, kwa sauti ya mtu aliyeshika kitu cha moto. "Karibu ndani."

"Ahsante, mwanangu. Sikai sana. Nimekuja kuwatembelea."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja katikati ya karakana, akaweka mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba. Alisifu nyumba. Aliuliza habari za watoto, wangapi, wanasoma wapi. Akasema hewa ya huku ni nzuri. Baada ya muda akakohoa kidogo, kikohozi cha mgeni ambaye hawezi kuomba chai lakini angeshangaa asipoletewa.

Chai ikaletwa. Mgeni haachwi peke yake, kwa hiyo mke akaacha cherehani akakaa naye. Spidi alitaka kucheka, akauma kitambaa.

Mama mkwe alikuja kutembea siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa yake. Kila asubuhi alizunguka nyumba na kupiga hodi. Makava yalirundikana koridoni na nyuzi zake. Fundi na Spidi walisimamisha cherehani kila mara wakate nyuzi wenyewe, na mke alishona akiwa amegeuzia shingo upande wa kiti cha wateja, akiitikia, "Eeh, mama. Kweli kabisa, mama." Wakashuka wakawa wanatoa makava thelathini. Fundi alipiga hesabu kichwani, hakuamini, akaipiga tena mezani kwa chaki. Thelathini gawa kwa tatu ni kumi. Alikuwa amemwondoa mtu wa nne kwenye hesabu, na hesabu ilikuwa imerudi palepale alipoikuta.

Lori la kiwanda lilipokuja, dereva aliyapekua makava ya juu, akarudisha furushi zima. "Haya yana ndevu, fundi," akasema. "Zinyoeni kwanza."

"Mwambie mama..." fundi alianza, alasiri hiyo.

"Mimi sisemi kitu," alisema mkewe. "Mgeni ni wa mwenye nyumba. Ulimleta wewe, zungumza naye wewe."

Fundi akamgeukia Spidi.

"Usinitazame mimi, kaka. Mimi nikipeleka ujumbe huu naongeza maneno, unanijua. Na leo maneno niliyonayo si mazuri."

Ilibidi avute kigoda. Alikiweka mbali na kiti cha wateja, akaona ni mbali mno, akakisogeza. Miaka yote hiyo alikuwa amemwona mama mkwe wake kwa ubavu; hakujua kwamba ana kovu dogo juu ya jicho. Akatazama sakafu.

"Mama."

"Naam, baba."

"Nimekosa, mama."

"Umenikosea nini? Umenipa chai kila siku. Mgeni anataka nini zaidi?"

"Sikukuita mgeni kwa ubaya. Ni hesabu. Kiwanda kinagawanya kazi kwa watu. Watu wakiwa wengi, tunaonekana wavivu. Nikaona nisipokutaja, hawatatunyima kitambaa, na wewe utabaki hapahapa. Sikujua... sikutaka uondoke. Ndiyo maana."

Mama mkwe akampa nafasi ya kuendelea kujiaibisha. Alipoona amemaliza akauliza, "Hiyo akili ya kutotaja watu umeitoa wapi?"

"Kiwandani. Wana watu wa kufagia, wa kubeba, wa kupika, wengi tu. Wanavaa vizibao vya kijani. Hawahesabiwi."

"Na wao wanaitwa wageni?"

"Hapana, mama. Wanaitwa wakandarasi."

"Mkandarasi anapigiwa hodi au anapiga hodi?"

Fundi akafikiri. "Wafanyakazi wake sijui. Lakini yeye mwenyewe, bosi, nadhani anapigiwa hodi."

"Na analipwa?"

"Analipwa, mama."

"Na akitaka kufunga, anafunga?"

"Anafunga."

Mama mkwe akaufungua mkoba. Ndani hamkuwa na kitu ila mkasi wenye utepe mwekundu. Akautoa, akaujaribu hewani mara moja.

"Basi mimi ugeni nimeuchoka," akasema. "Viatu hivi vinanibana. Nipe hicho kingine."

Masharti aliyatoa papo hapo, na fundi aliitikia kila moja kwa kichwa. Korido ni yake, na hapiti mtu na ndoo. Makava yanaletwa kwake asubuhi, si kurushiwa. Baada ya chakula cha mchana anafunga. Kila kava lina bei yake, ndogo, lakini bei. Na anayeleta makava aseme mwenyewe shida yake, kwa sababu biashara haiendeshwi kwa kumtuma mke wa mtu.

"Mke wa mtu nimeshukuru," alisema mke, akarudi kwenye cherehani yake.

Kuanzia hapo fundi alizungumza na mama mkwe wake kila siku, na mengi ya mazungumzo hayo yalikuwa kuambiwa kwamba zipu zake zinagoma kwenye kona. Alikuwa akiyasikia maneno hayo miaka yote. Hakujua kwamba mkewe alikuwa anayalainisha njiani.

Mwisho wa mwezi Bwana Tija alikuja na lori la kiwanda. Makava yalikuwa arobaini kwa siku, washonaji watatu, karakana ikapita bila swali. Lakini kiwanda kilikuwa kimeongeza utaratibu mpya: mkandarasi akiwa na mkandarasi wake, huyo naye apimwe. Fundi akamwonyesha korido kwa kidole.

"Hodi," alisema Bwana Tija.

"Nimefunga," sauti ilisema. "Subiri."

Ilikuwa baada ya chakula. Mama mkwe alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, miguu juu ya furushi la makava ambayo lori lilikuwa limeyafuata. Bwana Tija akakaa kwenye kiti cha wateja. Dereva akaingia kuuliza kinachosubiriwa, akaonyeshwa, akarudi kuzima injini. Kiwandani nako, bila shaka, mashine ilikuwa imezimwa ikisubiri lori. Kwa muda kila mtu akapumzika, kwa kumfuata mama.

Alipoamka alimkaribisha kijana, akamwambia bado amekonda.

"Mama, biashara yako ina watu wangapi?"

"Mmoja."

"Unapitisha makava mangapi kwa siku?"

"Yanayoshonwa na hawa, yote."

"Arobaini."

"Kama wamejitahidi."

Bwana Tija akagawanya arobaini kwa moja. Akaangalia jibu kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Katika karakana zote alizopima mitaani hapakuwa na mtu aliyefika nusu ya hapo. Mikono ilikuwa ileile, mkasi uleule, korido ileile ambayo siku ya kwanza alikuwa amedokeza iondolewe. Akalitazama tena jibu, akaona aibu kidogo juu ya hesabu, si juu ya mama, akavua miwani akaifuta.

"Mama," akasema, "naomba nikwambie jambo. Makava ya karakana nyingine yanatufikia yakiwa na nyuzi. Wakubwa wangu wakiona hesabu hii watataka uje kiwandani. Utakuwa na meza, taa nzuri, na gari la kukuleta. Nitawaambia kesho."

Cherehani mbili zilinyamaza kwa pamoja. Fundi Zipu alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido, furushi mikononi, na alihisi uzito wake wote. Angeweza kusema kitu, kwa kuwa sasa walikuwa wanazungumza. Akalikumbatia furushi.

"Nitavaa kizibao cha rangi gani?" akauliza mama mkwe.

"Samahani?"

"Naambiwa mna vya njano na vya kijani."

Bwana Tija, aliyekuwa kijana mwaminifu, akairudisha miwani usoni. "Kwa kuanzia," akasema, "cha kijani."

"Basi hapana, mwanangu. Wasalimie."

Alisema hivyo bila ukali, akachukua kava lililofuata, akaligeuza ndani nje. Bwana Tija akaandika kitu, akakifuta, akaandika "amekataa", akaomba radhi, akaenda kumsaidia dereva kupakia.

Fundi Zipu akasogea. Alitaka kushukuru lakini akaona aanze na kazi, ndiyo lugha aliyoizoea. Akainama, akaweka furushi lake jipya mbele ya mama mkwe wake.

"Si hapo, baba. Weka huku nyuma."

"Nyuma ya nini, mama?"

Ndipo alipoyaona. Kulikuwa na fungu la sketi za shule, za buluu, zimefungwa kwa kipande cha kanga, na pembeni yake suruali, na juu ya suruali mkoba wa mtu. Fundi wa yunifomu wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kukanyaga nyumba hiyo, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kofia magotini, akisubiri kwa adabu.

"Huyu kawahi," alisema mama mkwe. "Shule zinafunguliwa, na sketi zake zimejaa nyuzi, utafikiri zimeshonwa na kuku. Wewe utafuata. Kama hatokei mwingine."

Fundi Zipu akamwamkia mwenzake, akaenda kukaa ngazi ya chini yake.